Maswali ya Wasomaji: Masika si Machipuko kwenye Grini

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaotunza, wanaolipia na wanaokanyaga grini za gofu za Nairobi, na karibu zote zinagusa kazi ambazo vitabu vya ng'ambo huzipangia majira ya machipuko. Kwa msomaji asiyecheza gofu, grini ni kile kiwanja kidogo chenye shimo na bendera, ambacho nyasi zake hukatwa karibu kabisa na ardhi ili mpira usukumwe kwa upole uviringike badala ya kupigwa uruke. Ni sehemu ndogo ya uwanja, lakini ndiyo inayokula jasho na fedha kuliko nyingine zote.

*Mzee wetu, pokea salamu. Mimi ni msaidizi wa mtunza uwanja katika klabu ya mashimo 9 upande wa Lang'ata. Tuna kitabu cha Uingereza kinachosema grini zitobolewe na kutiwa mchanga mwanzoni mwa majira ambayo kamusi yetu inayaita masika. Tulifuata maagizo tukatoboa wiki ya pili ya Aprili. Mvua ilinyesha usiku uleule, mashimo yakajaa tope, na sasa grini tatu zimegeuka manjano na zinanuka. Tumekosea wapi?*
Msaidizi, Lang'ata

Kijana wangu, kosa lenu lilianzia kwenye kamusi kabla ya kufika uwanjani. Zipo kamusi zinazoyaita majira ya machipuko ya Ulaya masika, pengine kwa sababu yote mawili huangukia kati ya Machi na Mei na yote mawili huleta majani mabichi, lakini kwa mtu anayechunga nyasi hayo ni majira mawili yanayokwenda kinyume. Uingereza nyasi hutoka usingizini: udongo uliokuwa baridi hupata joto, na ukivuka kama nyuzi 6 za selsiasi mizizi huanza kufanya kazi, mchana hurefuka, na ardhi iliyoloa miezi mingi huanza kukauka. Kule mtunza uwanja hutoboa wakati mambo yanazidi kuwa mepesi kila wiki. Hapa kwetu, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hatua chache tu kusini mwa ikweta, mchana haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kutajwa, na udongo haupoi kiasi cha kuzilaza nyasi. Kinachobadilika ni maji na mawingu. Machi mvua zinaanza, Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi, na mtu anayetoboa wakati huo anatoboa huku mambo yakizidi kuwa magumu kila wiki.

Kazi ya kutoboa, yaani kuchimba matundu madogo ili hewa na maji vishuke hadi kwenye mizizi, inahitaji mambo mawili yakutane: nyasi ziwe na nguvu ya kuziba majeraha, na udongo uwe mkavu kiasi cha kubeba mashine na kupokea mchanga bila kugeuka uji. Nairobi mambo hayo hukutana mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni nusu ya pili ya Februari hadi wiki ya kwanza ya Machi, wakati jua bado ni kali na ninyi ndio mnaoamua kiasi cha maji, ili mvua ikifika ikute mashimo yamejaa mchanga na yawe njia ya kuyashusha maji badala ya kuwa visima vya kuyahifadhi. Mara ya pili ni Septemba, baada ya baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti kuondoka na kabla ya vuli ya Oktoba. Najua kwamba klabu inayoandaa mashindano ya Kenya Open, ambayo mara nyingi huchezwa Februari au Machi, haiwezi kutoboa grini zake katika kipindi hicho, na huko mtunza uwanja hulazimika kusubiri mpira wa mwisho uingie shimoni ndipo akimbizane na mawingu. Ninyi wa mashimo 9 hamna mzigo huo, basi msijitwike.

Sasa turudi kwenye ile harufu. Chukueni kile chuma cha mviringo mnachotumia kuhamisha shimo la bendera, ambacho kipenyo chake ni milimita 108, mkate bonge la udongo hadi kina cha sentimita 15 kisha mlilaze mkekani mlitazame kwa makini. Bila shaka mtaona utepe mweusi unaonuka yai bovu. Huo hutokea pale maji yanaposimama, hewa ikaisha, na vijidudu visivyohitaji hewa vikaanza kutengeneza gesi ya salfa inayochoma mizizi. Kwa hiyo zile nyasi zimekosa pumzi tu. Mkizimwagia mbolea ya kuzirudishia rangi, mtazilazimisha kuotesha majani wakati hazina mizizi ya kuyalisha, na zitakufa zikiwa kijani.

Subirini siku mbili au tatu zisizo na mvua. Ondoeni utelezi wa tope kwa ubao wenye mpira kama ule wa kusukumia maji sakafuni, halafu mpite na uma wa bustani wenye meno membamba, mkiuzamisha wima na kuutoa wima bila kuutikisa, kila baada ya sentimita 10. Msivute mashine nzito wala rola la kugandamizia nyasi. Pandisheni kimo cha kukata nyasi, kama mlikuwa mnakata milimita 4 kateni 5, na asubuhi ambayo unyayo wako unabaki umejichora kwenye grini, mashine ibaki bandani hata kama mwenyekiti wa klabu anacheza siku hiyo. Rangi itarudi polepole kuliko mnavyotaka. Masika yakiwa makali kama yale ya 2024, yaliyofurisha mto Mathare na kuhamisha watu makwao, msitarajie nafuu kamili kabla ya Juni.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja lakini anwani yako imelitaja. Maeneo mengi ya upande wenu yana udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu wakati wa mvua, tofauti na udongo mwekundu wa Muthaiga au Kiambu unaopitisha maji kwa urahisi zaidi. Kama grini zenu zilijengwa zamani kwa kusukuma tu udongo wa pale pale ukawa kilima, hakuna utoboaji wa mara moja utakaozibadilisha. Utaratibu uliotolewa mwaka 1960 na chama cha gofu cha Marekani, USGA, ambao viwanja vingi duniani huufuata, huweka sentimita 30 za mchanga maalumu juu ya tabaka la kokoto lenye mabomba ya kutolea maji. Kuijenga upya grini kwa namna hiyo ni gharama kubwa. Njia ya maskini, ambayo mimi nimeipenda zaidi, ni kutoa vipande vya udongo mweusi na kutia mchanga, Februari na Septemba, mwaka baada ya mwaka, hadi sentimita 8 za juu ziwe kitu kingine kabisa.

*Bwana Mshauri, mimi ni mweka hazina wa klabu ndogo. Mtunza uwanja wetu anadai mchanga wa kumwaga kwenye grini 9 na ile ya mazoezi, na bei aliyoleta ni ya juu mno. Fundi anayetujengea ukuta ananunua mchanga wa mto kwa bei nafuu. Mchanga si mchanga tu?*
Mweka Hazina, Ruiru

Bwana Mweka Hazina, mchanga si mchanga tu, na nalisema hili nikiwa na aibu, kwa sababu miaka mingi iliyopita nilipokea lori zima la mchanga wa ujenzi kwa kuuamini mdomo wa muuzaji, nikaumwaga kwenye grini mbili, na baada ya mvua tatu juu ya grini hizo kulikuwa na ganda gumu kama sakafu iliyopigwa sementi. Mchanga wa ukutani unatakiwa ushikamane, na vumbi lililomo humsaidia fundi. Mchanga wa grini unatakiwa ukatae kushikamana. Punje nyingi ziwe kati ya robo milimita na milimita moja, zisiwe na vumbi la mfinyanzi, na zisiwe kubwa kiasi cha kutafuna visu vya mashine.

Kabla hujasaini hundi, fanya jaribio la chupa. Jaza mchanga hadi theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji hadi karibu na mdomo, tikisa kwa nguvu kisha iache mezani. Mchanga wenyewe utatua chini ya dakika moja. Kinachobaki kinaelea na kuyafanya maji yawe kama chai ya maziwa ndicho kitakachoziba grini zako, na kama kesho yake asubuhi utakuta juu ya mchanga kuna utando wa tope unaoonekana wazi, mrudishie muuzaji lori lake. Jaribio hili halishindi maabara, lakini haligharimu shilingi.

Ama kuhusu kiasi, hesabu ni nyepesi na mtunza uwanja wako hakuibii. Chukulia grini moja ina mita za mraba 500. Kutandaza mchanga wa kimo cha milimita 1 tu kunahitaji nusu mita ya ujazo. Kwa grini 10 ni mita 5 za ujazo, yaani takriban tani 8. Hiyo ni tandazo nyepesi ya kila wiki tatu au nne nyasi zinapokua kwa kasi. Wakati wa kutoboa, hesabu hupanda. Mashine yenye meno ya mviringo yaliyo wazi ndani, ya kipenyo cha milimita 12, ikitoboa kila baada ya sentimita 5 kwa kina cha sentimita 8, huacha mashimo 400 katika kila mita ya mraba, na kuyajaza kunahitaji karibu lita 3.6 za mchanga kwa mita hiyo, ambazo kwa grini nzima ni mita 1.8 za ujazo. Mashimo yasiyojazwa hujifunga yenyewe, na kazi yote ikawa bure.

Nakuomba pia uagize mchanga huo Januari, uufunike kwa turubai. Mchanga uliolowa hauingii shimoni hata uusugue kwa fagio na zulia kuukuu siku nzima, na nimeona klabu ikitoboa kwa wakati unaofaa kabisa halafu ikakaa wiki nzima inasubiri mchanga ukauke.

*Mzee, mimi ni kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji. Kila mwaka grini zinapokuwa tamu kuliko wakati wowote, ndipo wanapozitoboa, na wachezaji wanatulaumu sisi kwamba tumewasomea vibaya mstari wa kupitisha mpira wakati mpira unarukaruka wenyewe. Kwa nini wasisubiri grini ziharibike kwanza?*
Kedi, Barabara ya Kiambu

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na wanaokulaumu hawajui wanachokilaumu. Kila mara nyasi zinapokua, huacha chini yake mabua na mizizi mifu, na mabaki hayo hujilimbikiza yakawa kama godoro. Godoro jembamba ni zuri, humpokea mpira unaotua. Likizidi kama milimita 12 hunyonya maji kama sifongo, mizizi huishi humo humo badala ya kushuka chini, na kuvu hupata makao. Godoro hilo halionekani kwa juu. Grini unayoiita tamu mwezi wa Februari huwa tayari imebeba ugonjwa wa Mei.

Yale mashimo 400 niliyoyataja hapo juu huondoa karibu asilimia 4.5 tu ya uso wa grini, na kwa jua la Februari huziba ndani ya siku 10 hadi 14. Ukisubiri hadi grini iharibike, utatoboa Julai, na katika baridi ile ya Nairobi ambayo huweza kushuka hadi nyuzi 10 usiku, mashimo hayo hayo yatakaa wiki nyingi yakiwa yamefumbua macho. Waambie wachezaji wako waupige mpira kwa ujasiri kidogo zaidi kwa wiki mbili hizo.

Nami nina ombi kwako, kwa kuwa makedi ndio wanaoigusa grini mara nyingi kuliko sisi. Mpira unaotoka juu wakati wa masika huchimba shimo kwenye grini iliyolowa, na makedi wengi hulitengeneza kwa kuchomeka uma mdogo kisha kunyanyua udongo kutoka chini. Kufanya hivyo hukata mizizi, na baada ya siku mbili pale pana kovu la kahawia. Chomeka uma nje ya ukingo wa shimo, sukuma nyasi kuelekea katikati kutoka pande zote, halafu gandamiza kwa wayo wa kiatu.

*Mshauri mpendwa, sisi tunamwagilia kwa maji ya kisima kirefu. Kila mwaka Februari inapofika, grini zinakuwa na unga mweupe pembezoni, na maji yanasimama juu ingawa chini ni pakavu. Masika yakija, hali inakuwa nafuu, kisha inarudi.*
Meneja wa uwanja, Karen

Dada au bwana (hukusema), umejieleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya barua yako. Maji ya visima virefu vingi vya Nairobi hupita kwenye miamba ya volkeno na hutoka yakiwa na sodiamu na bikaboneti nyingi, pamoja na ile floridi inayojulikana kwa kutia meno madoa. Bikaboneti hukamata kalsiamu iliyomo udongoni na kuigeuza chokaa, ndiyo huo unga mweupe wako, na sodiamu hubaki peke yake ikitawala. Udongo uliotawaliwa na sodiamu hupoteza chembechembe zake zilizoshikana, vipande vidogo hutawanyika na kuziba vijia vya maji. Kwa hiyo unamwagilia zaidi kwa kuwa chini ni pakavu, na kila unapomwagilia unaongeza sodiamu.

Hapa ndipo masika yanapokuwa rafiki wa kweli wa grini ya Nairobi, na ndipo kalenda ya Uingereza isipoweza kukusaidia hata kidogo. Maji ya mvua hayana chumvi. Ukitoboa mwishoni mwa Februari, kisha ukamwaga jasi (gypsum) kabla ya mvua ya kwanza, kalsiamu iliyomo kwenye jasi huiondoa sodiamu kwenye udongo, na mvua za Aprili huisukuma chini hadi nje ya mizizi. Jasi bila mvua ni unga juu ya unga. Gramu 50 kwa mita ya mraba, yaani mfuko wa kilo 25 kwa grini ya mita 500, ni kiasi cha kawaida kwa mara moja, lakini usifanye kwa kukisia: peleka sampuli ya udongo kwenye maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, iliyoko Kabete, uombe kipimo cha sodiamu ikilinganishwa na kalsiamu na magnesiamu, na utafute pia maabara itakayoyapima maji yenyewe. Kama paa la jengo la klabu ni kubwa, ningejenga tangi la maji ya mvua kabla ya kununua mashine nyingine yoyote. Maji hayo yatunze kwa ajili ya Januari na Februari.

*Mheshimiwa, marehemu mume wangu alijenga grini ndogo nyuma ya nyumba na wajukuu wanaipenda. Naweza kuitia mbolea ya CAN iliyobaki shambani kwenye mahindi? Na nyasi za Kikuyu zinaivamia kutoka pembeni.*
Mama wa Limuru

Mama, pole kwa msiba, na hongera kwa kuwatunzia wajukuu mahali pa kuchezea. CAN ya mahindi isimwagwe kwenye grini kama inavyomwagwa shambani. Punje zake ni kubwa, nyingine zitachukuliwa na mashine ya kukata, na zile zinazobaki zitaunguza madoa ya mviringo palipo na nyasi fupi namna hiyo. Mbolea ya grini hutiwa kidogo kidogo, kama mtoto anavyolishwa uji kwa kijiko: nusu gramu ya naitrojeni kwa mita ya mraba, kila wiki mbili, nyasi zinapokua. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo grini ya nyumbani ya mita za mraba 50 inahitaji gramu 54 tu, ambazo zitatoshea kwenye kikombe cha chai. Ziyeyushe kwenye maji ya kopo la kunyunyizia, nyunyiza jioni, kisha suuza majani kwa maji matupu. Wiki za mvua kubwa acha kabisa, maana zitaishia mtaroni. CAN yako iache kwenye mahindi.

Kuhusu nyasi za Kikuyu, huo ni mmea wa nyanda zetu hizi hizi, na umesafiri kuliko wengi wetu: kule Riviera, uwanja maarufu wa gofu jijini Los Angeles, njia za kuchezea zimeoteshwa nyasi hizo, ilhali wakulima wa sehemu nyingine za Marekani huzihesabu kuwa magugu mabaya. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia, hivyo kuzikata kwa juu hakuzisimamishi. Chimba mfereji mwembamba kuizunguka grini, wenye kina cha sentimita 15, uujaze kokoto, na kila Jumamosi mmoja wa wajukuu apite na kisu akate kila mkono unaovuka. Anza kabla ya Machi, kwa sababu mvua zikishaanza, nyasi za Kikuyu zitavuka kokoto hizo kwa siku chache tu.